Sahani ya Asiyekuwepo

Asubuhi ile tulikuwa tunapasua godoro. Bwana Maina, mwenye makumbusho, alikuwa amelileta kwa mkokoteni kutoka nyumbani kwake Amalemba, godoro kuukuu la pamba lililolaliwa na watoto wake wote mpaka wakaenda vyuoni, na akatangaza kwamba hiyo ndiyo theluji yetu. Mimi na senge Pascalia tukaketi barazani, tukaichambua ile pamba na kuipiga fimbo ili ifumuke, vumbi likitupigisha chafya.

"Kama hii ndiyo theluji," senge akasema, "wazungu wako na shida."

Kisha akacheka. Nakitaja kicheko hicho kwa sababu alikuwa hajacheka kwa muda mrefu, nami nilifurahi.

Senge ni dada wa baba. Huyu alikuwa dada pekee wa baba yangu, na ndiye aliyenitafutia kazi pale. Yeye alifanya usafi na kupanga vitu. Mimi niliongoza wageni na kuandika vibao vya maelezo. Makumbusho yenyewe ni nyumba ya matofali ya vyumba vitano hapa Kakamega, kando ya barabara iendayo Webuye. Ndani mna ngao, vinu, vyungu vya pombe na picha za wazee waliokunja nyuso. Siku za kawaida wageni ni wachache, na baadhi yao wanatafuta choo tu. Lakini Bwana Maina ni mwalimu wa historia aliyestaafu na hajui kukaa bure. Aliona kwamba kila Desemba watu wa Nairobi hurudi nyumbani na watoto wasio na pa kwenda, ndipo akaja na maonyesho ya msimu: mila za majira ya baridi kutoka pande zote za dunia. Akayaita "Baridi ya Wenzetu".

Nje jua linachoma, ndani sisi tunaonyesha baridi. Kulikuwa na mbuzi wa nyasi kavu wa watu wa Sweden, na taji la mishumaa ambalo msichana huvaa kichwani asubuhi ya giza. Kulikuwa na glavu za sufu nene, moja ingetosha kumfunika kuku. Kulikuwa na meza ya Wairani ya ule usiku mrefu kuliko yote ya mwaka, yenye makomamanga na tikiti maji. Tikiti tulilinunua sokoni Jumatatu. Kufikia Jumanne Sammy, askari wa getini, alikuwa ameshalila, akaapa kwamba ni panya. Tulimcheka siku nzima kwa huyo panya wake anayetema mbegu.

Meza ya mwisho, katika chumba cha nyuma, ilikuwa ya watu wa Poland. Huko, mkesha wa Krismasi, hutandaza nyasi kavu chini ya kitambaa cheupe, huhesabu watu wa nyumba, kisha huongeza sahani moja isiyo na mwenyewe. Ni ya mgeni anayeweza kubisha hodi bila kutarajiwa. Wengine husema ni ya mtu wa nyumba ile aliyekufa, au aliye mbali na hakuweza kufika. Niliandika kibao nikakibandika: Sahani ya asiyekuwepo.

Senge alikuwa akipangusa kiti cha meza ile. "Hii ni ya wapi?" akaniuliza.

"Poland, senge."

Akaacha kupangusa. Ningenyamaza hapo. Lakini mimi ni mtu wa mzaha, na kwetu senge ndiye mtu unayeweza kumwambia lolote. Tena alikuwa amecheka asubuhi ile, nikadhani tumefika mahali ambapo hata jambo lile linaweza kutaniwa. Nikasema, "Basi hiyo wekea Andati."

Maji yakimwagika hayazoleki. Senge alinitazama, akaitazama sahani, akaendelea kupangusa polepole.

Andati alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, mdogo wa bintiye Rachael. Alipewa jina la babu yetu, baba yake senge, ndiyo maana senge hakumwita kwa jina lake ila "papa". Alikata miwa ya watu kule kwao Shianda mpaka akachoka, akapata wakala, akaenda Ulaya kwa mlango wa nyuma. Januari ya miaka mitatu iliyopita, yeye na kijana wa Eldoret aitwaye Kipchirchir, na wengine, walivuka mpaka wa Poland kwa miguu, msituni, kwenye theluji. Siku ya pili Andati aliketi chini ya mti akawaambia wenzake watangulie. Alimtumia mamake ujumbe wa sauti. Niliusikia. Ni sauti nzito, ya mtu anayeshikwa na usingizi: "Mama, msijali. Sisikii baridi tena." Ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Mwili haukupatikana hata theluji ilipoyeyuka.

Kwetu mtu haachwi hivyo, bila kaburi, akizurura. Miaka miwili ilipopita, mzee Osundwa, mumewe senge, aliitisha ukoo, na ikafanywa kama inavyofanywa. Walikata shina la mgomba lenye kimo cha Andati, wakalivisha suruali na shati lake, wakalilaza ndani ya jeneza. Katekista akaomba kwa kifupi huku akitazama kando, likazikwa nyuma ya nyumba. Mzee aliyeongoza shughuli akatuwekea masharti. Andati sasa ana nyumba yake. Asiwekewe chakula, asitandikiwe kitanda, asiitwe mlangoni. Halafu kila mtu akatupa udongo. Senge alipopewa wake aliufumba mkononi akarudi nao ndani.

"Mimi siwezi zika mgomba," akasema.

Mzee Osundwa akasema aachwe, ni uchungu wa mzazi. Tukamwacha.

Maonyesho yalifunguliwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi niliingia chumba cha nyuma kabla ya wageni, nikakuta ile sahani ina obusuma, ugali wa kwetu, unaotoa mvuke, paja la ingokho, kuku wa kienyeji, na juu yake imondo. Imondo ni firigisi, na kwetu haipewi mtu ovyo. Ni ya mwanamume mwenye heshima katika nyumba. Mwanamke akikuwekea imondo anasema hapa ni kwako. Nikajua kwamba lile halikuwa pambo la maonyesho, alikuwa amemkaribisha mtu.

"Senge, Bwana Maina atasema nini?"

"Atasema inapendeza," akanijibu. "Wageni wanataka kuona chakula."

Ilipopita saa tisa alasiri sahani ilikuwa na mifupa mitupu. Nikamwendea Sammy getini nikamuuliza panya wake anaendeleaje. Hakucheka.

"Leo si mimi," akasema. "Hiyo chumba siingiangi. Iko na baridi."

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu nilikitazama kiti. Mbao zake zilikuwa zimelowa, na sakafuni mbele yake, pale miguu ya mtu hukaa, palikuwa na maji. Dari halikuvuja, mvua haikuwa imenyesha wiki ile. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa nione kama nyasi nazo zimelowa. Zilikuwa ngumu. Zilikatika vidoleni mwangu kwa mlio mdogo mkavu. Nikautoa mkono haraka na kuutia kwapani, maana ulikuwa unauma kwa baridi.

Ningesema kitu siku ile. Lakini mngemwona senge. Alikuwa akifika kazini kabla yetu sote na kufagia huku akivuma nyimbo za kanisani. Rachael alinipigia simu akaniuliza nimempa mamake dawa gani, mbona siku hizi anacheka. Ni kweli alianza kuvaa sweta, kisha sweta mbili, na leso kichwani, Kakamega yote ikitoka jasho. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," akasema. "Niko sawa kuliko jana."

Nani angekuwa na moyo wa kumkataza? Mimi sikuwa nao.

Alhamisi walikuja watoto wa Sunday school kutoka Navakholo, thelathini hivi, na mwalimu wao aitwaye Wendy. Niliwazungusha, wakamcheka mbuzi wa nyasi, wakarushiana pamba ya godoro. Tukafika chumba cha nyuma saa tisa na dakika chache. Nikawaeleza habari za nyasi, kitambaa na sahani. Msichana mmoja mdogo, wenzake wakimwita Ayuma, akainua mkono.

"Madam, huyo uncle hasikii baridi?"

"Uncle gani?"

"Huyo amekaa kwa meza. Hana shati. Hana viatu."

Watoto wakageuka kutazama kiti. Hakuna aliyecheka. Senge alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, ametabasamu.

"Anasikianga," akamwambia mtoto kwa upole. "Ndiyo maana namlisha."

Nikawatoa watoto nje. Nilipokuwa nikiwahimiza niliona pumzi yangu mwenyewe ikitoka mdomoni, nyeupe. Nyuma yangu mbao za kiti zililia kidogo.

Jioni ile ile nilichukua namba ya Kipchirchir kwa Rachael nikampigia. Siku hizi yuko Ujerumani, anaosha vyombo hotelini. Nilimuuliza jambo moja tu: mlipomwacha Andati alikuwa amevaa nini.

"Nani amekuambia?" akanong'ona.

"Niambie tu."

"Alikuwa amevua. Koti, shati, viatu. Alisema anachomeka. Tulijaribu kumvalisha, akatusukuma. Tukaogopa tutakufa sisi wote, tukaenda." Alikuwa analia sasa. "Sikuwaambia, dadangu. Mama angeniuliza kwa nini hatukumvalisha kwa nguvu. Usimwambie."

"Anajua," nikasema.

Ijumaa asubuhi senge aliangusha sinia la vikombe. Ndipo nikaona amevaa zile glavu za maonyesho. Nilimvua. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi kuanzia kucha hadi kiungo cha kwanza, vikavu. Nilimwita mtu wa bodaboda, nikamweka senge katikati, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Chepng'etich. Aliuinua ule mkono kwenye mwanga akaugeuza mara mbili.

"Mama ametoka safari ya wapi?"

"Shianda," nikasema.

"Mimi nilisomea Urusi. Vidole kama hivi niliviona huko, mwezi wa kwanza, kwa walevi waliolala nje. Huku sijawahi." Kipima joto kilisoma thelathini na tatu. Akaleta kingine, nacho kikasoma vivyo hivyo. Akanivuta kando. "Sielewi huyu mama anapozwa na nini. Lakini akishuka tena, moyo utasimama."

Walimlaza, wakamfunga mikono bandeji, wakamfunika blanketi nne na chupa za maji moto. Niliketi kando yake. Sasa ilibidi niulize.

"Anakujanga saa tisa," senge akasema, akitazama dari. "Haongei. Anakula. Halafu ananipa mikono nimshikie. Ni baridi, Gentrix. Ni baridi mpaka kwa mfupa. Namshikia mpaka anaacha kutetemeka. Kila siku anatetemeka kidogo kuliko jana."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mama yake."

Nikatoka nje kwenye korido nikalia. Halafu nikampigia mzee Osundwa. Alifika kabla ya saa kumi, na viatu vyake vya shambani, vumbi la miwa kwenye nyusi. Nilimweleza yote, na mzaha wangu pia. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Aliketi ukingoni mwa kitanda, kofia mikononi.

"Mama Rachael," akasema. "Ule udongo hukutupa."

"Sikutupa."

"Jumapili tutaenda. Utautupa, utamwambia aende. Hiyo sahani tutaivunja juu ya kaburi. Ikikaa hivi atakumaliza."

"Nikimwambia aende, ataenda wapi, Osundwa?" Senge alikuwa akinong'ona. "Huko nje ni msitu."

Mzee ni mtu mkubwa, mkulima wa miwa miaka arobaini, nami nilikuwa sijawahi kumwona akipangusa macho. "Ni wangu pia," akasema hatimaye. "Hata mimi usiku namfikirianga. Lakini sitaki kuzika wawili."

Akaweka mkono wake mpana juu ya bandeji za senge. Baada ya muda mrefu senge akakubali. Aliomba jambo moja tu: kesho, Jumamosi, aende akamuage. Hakutaka mtoto aje tena akute hayupo, kama leo, adhani mama naye ametangulia akamwacha kama wale wengine. Mzee akanitazama mimi.

"Nitakuwa naye," nikasema. "Sitatoka."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Usiku ule, mbali na meza ile, joto lilimrudia. Jumamosi adhuhuri kipima joto kilisoma thelathini na sita, daktari akamruhusu kwa shingo upande. Makumbusho yalikuwa yamejaa, ndiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, watoto wakikimbia na mabonge ya pamba vichwani. Nilifunga kamba mbele ya chumba cha nyuma nikaandika Kimefungwa. Senge hakubeba chakula.

"Leo ni kwaheri," akasema. "Sitaki akae."

Akaketi mezani kuikabili ile sahani tupu. Mimi nikasimama mlangoni, mgongo kwenye fremu. Jasho lilikuwa likinitiririka. Dakika zilienda. Nje Bwana Maina alikuwa akiwaeleza watu habari za makomamanga.

Kisha jasho likapoa.

Baridi ilianzia sakafuni. Ikanishika vifundo vya miguu. Ikapanda. Nikasikia kiti kikilia, kama kinavyolia mtu akikalia. Nikasikia tone la maji. Tone lingine. Nataka kusema kweli: sikuona mtu. Niliona uso wa senge tu, na uso ule ulikuwa ukimtazama mtu.

"Papa," akanong'ona.

Kimya.

"Papa, watu wa nyumbani wanasema uende."

Senge akainamisha kichwa upande, akasikiliza. Midomo ilianza kumtetemeka.

"Hapana. Si mimi nimesema. Ni wao."

Tone. Tone.

"Najua ni mbali. Najua."

Nikataka kumwita. Senge aliinuka nusu, akanyoosha mikono yenye bandeji juu ya meza, na mahali fulani juu ya sahani vidole vyake vikashika kitu. Niliviona vikishika.

"Bado unatetemeka," akasema.

Halafu, bila kugeuza kichwa, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ile ya kunituma chumvi jikoni: "Gentrix, funga mlango. Baridi inaingia."

Nikafunga.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ningeweza kusema senge akikuambia jambo unafanya, ndivyo nilivyolelewa. Lakini hiyo si kweli yote. Niliogopa. Nilitaka mlango uwe kati yangu na kile chumba. Nilimwahidi mzee kwamba sitatoka, na nikarudi nyuma hatua moja nikaufunga, mimi nikiwa upande wa nje.

Nilisikia kiti kikivutwa. Nilisikia nguo ikivuliwa kichwani, pumzi fupi, kisha nguo nyingine. Nilisikia senge akisema, "Leta mkono. Na huu. Usinisukume, papa. Haya." Alizungumza kama mtu anayemvalisha mtoto asubuhi ya shule. Kisha akaanza kuvuma wimbo, chini chini, na wimbo ukawa unapungua. Ukapungua. Ukakoma.

Niliushika mpini wa mlango. Ulinichoma kiganja. Nikasukuma, mlango haukufunguka. Nikamwita Sammy, akaja na Bwana Maina, wakaupiga kwa mabega mara nne mpaka ukaachia, na hewa iliyotoka ilituumiza meno.

Senge alikuwa amepiga magoti mbele ya kile kiti. Gauni lake jepesi lilikuwa gumu. Nyusi zake zilikuwa nyeupe, na tulipokuwa tukimtazama weupe ule ukaanza kuyeyuka na kumtiririkia mashavuni. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa mbele na kukutana kwa duara, imekumbatia nafasi ya mtu mzima. Uso ulikuwa umelala upande, umeegemea mahali pasipo na kitu. Bandeji zilikuwa sakafuni. Zile sweta mbili hazikuwepo. Chumba hakina dirisha. Tuliinua kitambaa, tukatazama chini ya meza, Sammy akapekua hata pamba ya godoro. Mpaka leo hazijapatikana.

Daktari Chepng'etich aliandika kwamba moyo ulisimama kwa baridi kali. Aliyemsimamia akayakata maneno hayo, akaandika mengine. Bwana Maina alifunga maonyesho siku ile ile na kurudisha vitu vya watu. Mzee Osundwa aliniambia mara mbili kwamba si kosa langu. Ninamshukuru, lakini mimi ndiye niliyesema ule mzaha na mimi ndiye niliyefunga mlango, na hakuna wa kunibebea hayo. Kuna mchana, ikifika saa tisa, naacha chochote ninachofanya na kuketi tu.

Tulimzika Shianda siku tatu baadaye. Mikono ilikataa kushuka. Watu wa mochari walijaribu, mzee akawakataza wasimvunje, na fundi akalazimika kutengeneza jeneza jipya, pana. Asubuhi ya mazishi, mimi na Rachael na mke wa Mukhwana, jirani yao, tuliingia chumbani kumwosha na kumvika. Alikuwa ametoka kwenye barafu ya mochari saa ile ile. Tulichemsha maji mara mbili, kila tulipomgusa vidole vyetu vikafa ganzi.

Tulipomgeuza, mke wa Mukhwana akaacha kitambaa kidondoke kwenye beseni.

Mgongoni kwake, chini kidogo ya mabega, kulikuwa na alama mbili nyekundu, upande huu na upande huu. Vidole kumi vilivyotandazwa. Viganja vikubwa, vya mwanamume. Rachael alizitazama kwa muda. Kisha akaweka mkono wake juu ya moja, taratibu, akaniangalia.

"Gentrix," akanong'ona. "Hapa kuna joto."

Niliweka mkono wangu juu ya ile nyingine. Pembeni yake ngozi ilikuwa barafu. Lakini pale pa kiganja palikuwa na joto la kawaida la mwili, la mtu aliyekula akashiba na kuvaa nguo nzito. Mke wa Mukhwana naye akasogea akaweka vidole vyake kando ya vyangu. Maji yakapoa kwenye beseni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoa mkono, na tulibaki hivyo sote watatu mpaka mzee Osundwa akabisha mlango akiuliza kama tumemaliza.